Hekima Husimama Njia Panda

Tafakari ya juma
Masomo: Mithali 8:1–11, Mathayo 22:1–10, Luka 12:4–7



Juma hili naomba tukae pamoja juu ya neno moja la Kiingereza. Wengi wetu tunalitumia ofisini, darasani na hata katika vikao vya kanisa, pengine bila kujua limetoka wapi. Neno lenyewe ni "trivial". Kwa Kiswahili tungesema jambo dogo, jambo hafifu, jambo lisilostahili kutupotezea muda. Nimelichagua kwa sababu lilisemwa mbele yangu, nikalikubali, na kukubali kwangu kukamfungia mtu mlango wa ibada kwa miezi mitatu.

Kilikuwa kikao cha wazee wa kanisa. Ajenda zilikuwa nyingi. Spika za kanisa zilikuwa zimeharibika, na mjadala wa kununua mpya au kutengeneza zile za zamani ulikula saa nzima. Ukafuata mjadala wa sare za kwaya ya vijana: rangi gani, kitambaa kipi, fundi yupi. Huo nao ulichukua muda wake. Tulipofika kwenye Mengineyo, watu walikuwa wamechoka, wengine wameanza kukusanya vitabu vyao. Katibu akasoma karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Iliandikwa na mtoto kwa niaba ya bibi yake, mjane, msharika wetu wa miaka mingi. Bibi aliomba ibada ya jumuiya ya Jumatano ianze saa kumi badala ya saa kumi na moja na nusu, kwa kuwa macho yake yamepungua nguvu na giza likiingia haioni njia ya kurudi nyumbani.

Mzee mmoja, mtu mwema na msomi, akasema kwa upole, "Mchungaji, hili naona ni 'trivial'. Tulisogeze kikao kijacho." Hakuna aliyepinga. Mimi ndiye mwenyekiti, nikaafiki. Kikao kijacho kilikuja na mambo yake, na karatasi ya bibi ikabaki ndani ya faili.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa napitia orodha ya watu wa kutembelewa, nikaona jina lake. Nilidhani anaumwa. Nilimkuta barazani kwake akichambua mchicha, mzima wa afya. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Nilipomuuliza mbona hatumwoni jumuiyani, alinijibu bila hasira yoyote:

"Niliandika, Mchungaji. Mkanyamaza. Kimya nacho ni jibu, mwanangu, nikalitii jibu lenu."

Nilimwomba anionyeshe njia anayopita. Tukatoka jua likizama. Hatukwenda mbali. Tulifika mahali ambapo njia tatu zinakutana: moja inatoka sokoni, moja inatoka zahanati, na moja inakuja kanisani. Katikati yake mvua zilikuwa zimechimba mtaro, na bodaboda walikuwa wakiukwepa kwa kasi, mara upande huu, mara upande ule. Bibi akasimama, akanishika mkono.

"Mchana hapa njia ni tatu," akasema. "Jioni kwangu zote zinakuwa moja, na siijui ni ipi."

Nilirudi nyumbani na aibu. Usiku ule nikafungua kamusi ya Kiingereza nilitafute lile neno tulilolitumia kikaoni. Asili yake ni Kilatini, vipande viwili vilivyounganishwa: tri, yaani tatu, na via, yaani njia. Trivium ni mahali ambapo njia tatu hukutana. Neno tulilolitumia kumwahirisha bibi lilikuwa jina la mahali palepale aliponishika mkono.

Safari ya neno

Warumi wa kale walikuwa watu wa barabara, na penye makutano ya barabara ndipo palipokuwa na watu. Alipita mchuuzi, alipita mtumwa aliyetumwa na bwana wake, alipita askari, alisimama mama kupumzisha mzigo na kupeana habari na jirani. Kutokana na mahali hapo wakapata sifa, trivialis, yaani ya njia panda, ya mitaani, ya kila mtu. Quintilian, mwalimu mashuhuri wa ufasaha mjini Rumi katika karne ya 1 baada ya Kristo, aliitumia alipozungumzia elimu ya awali, ile ya shule za watoto.

Karne nyingi baadaye, shule za Ulaya ya Zama za Kati zilikuwa na masomo saba ya msingi. Manne kati yake, hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota, yaliitwa quadrivium, makutano ya njia nne. Matatu yaliyotangulia, sarufi, mantiki na ufasaha wa kusema, yaliitwa trivium. Kiingereza kilipolipokea neno letu katika karne ya 15, lilihusu masomo hayo matatu. Kufikia mwisho wa karne ya 16, siku za Shakespeare, lilikuwa limeshapata maana tunayoijua leo: jambo hafifu, lisilo na uzito.

Tazameni mwendo huo, ndugu zangu. Neno lilianza kama jina la mahali. Likawa sifa ya watu wanaopita mahali hapo. Likageuka kuwa sifa ya mambo wanayoyajua watu hao. Mwisho likawa hukumu. Dharau hukua kwa njia iyo hiyo mioyoni mwetu. Kabla hatujalipima jambo la mtu, tunakuwa tumeshaangalia amesimama wapi: ni wa mtaa gani, kasoma kiasi gani, ombi lake limeandikwa kwenye karatasi ya namna gani. Yule bibi angekuwa mke wa mkuu fulani, na barua yake ingekuwa imechapwa na kutiwa kwenye bahasha, sidhani kama tungeiweka kwenye Mengineyo.

Kiingereza kina maneno mengine ya udogo, na hayafanani tabia. "Minor" hupima tu, kwamba hiki ni kidogo kuliko kile. "Petty", ambalo limetokana na petit la Kifaransa, lina sura mbili. Mhasibu wa usharika anapozungumzia "petty cash" hamdharau mtu. Anataja fedha ndogo ya matumizi ya kila siku, ya chai, nauli na kalamu. Lakini ukisema ugomvi wa watu ni "petty", umewaambia wana roho ndogo. "Trivial" hufanya jambo jingine zaidi: hufunga mazungumzo. Likishasemwa, anayetaka kuendelea kuongea anaonekana msumbufu.

Wanahisabati hulitumia bila nia mbaya. Kwao, jibu la namna hiyo ni lile lililo wazi kiasi kwamba halihitaji kuonyeshwa, kama sifuri katika mlinganyo ambao sifuri huukidhi daima. Hata hivyo nakumbuka nikiwa kidato cha tatu, mwalimu aliandika ubaoni mstari wa kwanza na mstari wa mwisho, akasema yaliyo katikati ni "trivial", akafuta ubao. Kwake palikuwa wazi. Kwangu pale katikati palikuwa na shimo. Sikunyoosha mkono, maana kuuliza kungekuwa kukiri mbele ya wenzangu kwamba jambo dogo limenishinda. Nililibeba shimo lile mpaka mtihani.

Tusiwatupie Waingereza lawama zote. Kiswahili chetu hakihitaji hata sifa kulifanya jambo hilo. Kinabadilisha mwanzo wa neno tu. Mtu anakuwa kijitu. Maneno yake yanakuwa vijineno. Shida zake zinakuwa vijimambo. Na sarufi nayo inafuata: kijitu kile kimekuja, kijitu kile kimesema. Silabi mbili zinatosha kumtoa binadamu katika ngeli ya watu na kumweka katika ngeli ya vitu. Mungu alimfinyanga mtu kwa mavumbi akampulizia pumzi; sisi tunamrudisha kuwa kitu kwa kufungua mdomo tu.

Penye njia panda

Sasa turudi kwenye Maandiko tuulize: je, Mungu anapaonaje mahali pale?

Mithali sura ya 8 inamsimulia Hekima kama mwanamke anayepaza sauti. Hekima hii ndiyo ambayo sura hiyohiyo inasema ilikuwapo pamoja na Bwana kabla milima haijawekwa. Ingeweza kukaa ikulu na kungoja wakubwa waifuate kwa miadi. Lakini aya ya 2 na ya 3 zinatuonyesha anaposimama: palipoinuka kando ya njia, penye malango ya mji, na penye njia panda. Ndivyo Biblia yetu ya Kiswahili inavyopaita, njia panda. Pale anawaita watu wote, na wajinga anawataja waziwazi kati ya anaowaita.

Ajabu ya jambo hili haitoshi kuisoma mara moja. Watu wa kale waliiogopa njia panda. Ezekieli 21:21 anamwonyesha mfalme wa Babeli amesimama mahali njia zinapogawanyika, akipiga ramli ajue apige vita wapi. Warumi walimpa Diana, mungu wao wa kike, jina la Trivia, kwa kuwa waliamini anatawala penye njia tatu. Na sisi je? Wangapi kati yetu tulionywa utotoni tusiokote kitu kilichotupwa njia panda, kwa kuwa huenda mganga ameagiza mkosi wa mtu ukaachwe pale? Watu walipeleka njia panda mikosi yao. Mungu alimpeleka pale Hekima wake.

Bwana Yesu naye akapataja. Katika Mathayo 22 mfalme anamfanyia mwanawe harusi na kuwaalika wageni. Aya ya 5 inasema hawakujali. Mmoja akaenda shambani kwake, mwingine kwenye biashara yake. Kwa lugha ya kikao chetu, waliuona mwaliko wa mfalme kuwa "trivial". Walikuwa na mambo mazito. Ndipo mfalme akawaambia watumishi wake waende njia panda, wamlete kila watakayemkuta. Waliouona mwaliko kuwa mdogo wakabaki nje, na watu wa njia panda wakaketi mezani. Mpendwa, kama wewe na mimi tutaketi katika karamu ile, tutaketi kwa mwaliko uliopelekwa njia panda. Hatuna mlango mwingine.

Na neno hilo, njia panda, limefikaje katika Biblia tunayoishika? Limefika kwa kazi ambayo wengi wangeiita ndogo. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe, Rosina, pamoja na mtoto wao mchanga. Katika huzuni hiyo akaendelea kujifunza Kiswahili kwa wenyeji, na mwaka 1850 kitabu chake cha sarufi kikachapishwa Tübingen, Ujerumani. Edward Steere, aliyekuwa mmisionari Zanzibar, alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, akafanya pia kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko. Biblia ya Union Version, ambayo wengi wetu tumekua nayo, ilitoka mwaka 1952. Kuuliza kitu kinaitwaje, na kikiwa vingi kinaitwaje, ni kazi ya sarufi, somo la kwanza kabisa katika yale matatu ya trivium. Na waliokuwa wakijibu maswali hayo siku baada ya siku walikuwa watu wa Mombasa na Unguja ambao wengi wao majina yao hatuyajui. Juu ya majibu yao madogo tumejengewa nyumba nzima ya Neno.

Shomoro wa tano

Kuna hesabu moja katika Injili ambayo ni rahisi kuipita. Mathayo 10:29 inasema shomoro wawili waliuzwa kwa sarafu moja ndogo. Luka 12:6 inasema watano waliuzwa kwa sarafu mbili. Piga hesabu taratibu. Ikiwa wawili ni sarafu moja, basi kwa sarafu mbili unapata wanne. Huyu wa tano ametoka wapi?

Kila aliyewahi kununua nyanya sokoni anajua. Ukichukua mafungu mawili unamwambia muuzaji, "Basi niongeze," naye anatupia moja juu. Shomoro wa tano ni nyongeza. Sarafu inayotajwa hapo ilikuwa sehemu moja ya kumi na sita ya dinari, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja. Tukichukulia kibarua anayelipwa shilingi 10,000 kwa siku, sarafu hiyo ni kama shilingi 625. Shomoro walikuwa kitoweo cha watu wasio na uwezo, na hata miongoni mwa shomoro, huyu wa tano hakuwa na bei. Muuzaji hakumhesabu. Mnunuzi hakumlipia.

Bwana wetu anasema hata mmoja wao hasahauliwi mbele za Mungu. Hata mmoja! Angalia kwamba Luka ndiye anayetumia neno la kusahauliwa, na ni Luka huyohuyo anayetuonyesha shomoro wa nyongeza. Yule ambaye soko halikumtia kwenye hesabu, Mungu anamkumbuka. Sisi tulikuwa na faili, katibu na kumbukumbu za kikao zilizosainiwa, na bado tulimsahau bibi.

Katika 2 Wafalme 5 kuna mtu mwingine wa nyongeza: binti mdogo wa Israeli aliyetekwa vitani na kuwa mtumishi katika nyumba ya Naamani. Biblia haikutuachia jina lake. Alisema sentensi moja tu kwa mke wa Naamani, kwamba yuko nabii Samaria, na sentensi hiyo ikamtoa jemadari wa Shamu nyumbani kwake na farasi na magari na mizigo ya fedha. Kisha Naamani anaambiwa ajichovye mara saba katika Yordani, anakasirika. Alitaka jambo kubwa. Mito ya Dameski aliiona bora kuliko mto ule. Karibu apoteze uponyaji wake kwa kuuona mto kuwa mdogo, na waliomwokoa hapo walikuwa tena watumishi wake. Mtu mkubwa katika habari ile alipona kwa kuwasikiliza wadogo mara mbili.

Madogo yaliyo madogo kweli

Sisemi kwamba hakuna jambo dogo duniani. Tukisema hivyo tutakuwa tumebadilisha kosa moja kwa jingine. Katika Mathayo 23:23 Bwana Yesu anawakemea waandishi na Mafarisayo waliotoa zaka ya mnanaa, bizari na jira, wakayaacha mambo makuu ya sheria: adili, rehema na imani. Yesu mwenyewe alipambanua kilicho kizito na kilicho chepesi. Makosa yetu ni kwamba mizani yetu imepinda. Tuliipa rangi ya sare muda ambao rehema ilikuwa inauhitaji. Sare si dhambi, na spika nzuri ni msaada kwa ibada. Lakini siku ile mnanaa wetu ulijaa meza, na rehema ikaachwa kwenye Mengineyo.

Basi tutapimaje? Mimi nimejifunza kujiuliza swali moja: nani anaumia jambo hili likiahirishwa?

Kama anayeumia ni mimi, nina ruhusa ya kuliita dogo. Umenipita bila kunisalimu. Hukunitaja ulipowashukuru watu kwenye sherehe. Kiti changu kimekaliwa na mgeni. Katika mambo ya namna hii neno "trivial" ni dawa, tena tunalihitaji sana, kwa sababu ndoa nyingi na vikundi vingi vya kanisa vimevunjika kwa mambo ambayo aliyeumizwa angeweza kuyaita madogo akayaachilia. Mtu anayeweza kusema juu ya uchungu wake mwenyewe, "hili ni dogo," amekaribia msamaha.

Lakini anayeumia akiwa ni mwenzangu, sina ruhusa hiyo. Mtoto anayelia kwa sababu ya penseli iliyopotea hajalia kwa ajili ya penseli ya mzazi. Kalilia ya kwake, na kesho ndiye atakayesimama mbele ya mwalimu. Mke anayesema mara ya tatu kwamba bomba linavuja jikoni, kijana anayeuliza swali ambalo wewe ulilielewa miaka thelathini iliyopita, mgonjwa anayemwambia mhudumu kwamba shuka ina baridi: hawa wote wanajua uzito wa jambo lao kwa sababu wao ndio wanaolibeba. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Katika vikao vyetu hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa mwiba tunaoudharau umo mguuni mwa mtu mwingine, na tende itaota kwake.

Neno lilelile, basi, ni dawa nikijiambia mwenyewe na ni sumu nikimwambia mwenzangu. Tukilishika hili tu, nyumba zetu na makanisa yetu yatapumua.

Nilipomsimulia yule mzee wa kanisa nilichokiona njia panda, hakujitetea. Nami nilimwambia kosa ni langu, maana mwenyekiti ndiye mwenye kiti cha kusema hapana. Tuliuliza wanajumuiya kama saa kumi inawafaa. Wengi ni wakulima na wastaafu, wakakubali wote. Uamuzi wenyewe haukuchukua dakika mbili. Jumamosi iliyofuata mzee alitangulia na vijana wanne na majembe, wakaufukia mtaro kwa mawe na kifusi. Jumatano, tulipofika kwenye ibada, tulimkuta bibi ameshaketi.

Kazi tuliyo nayo juma hili

Ndugu mpendwa, naomba ufanye mambo matatu. La kwanza, kumbuka ombi moja uliloahirisha kwa sababu ulilihesabu kuwa dogo: la mtoto, la mfanyakazi wako, la mama mkwe, la jirani. Lirudie, ulijibu. Hata kama jibu ni hapana, lisikike kwa mdomo, kwa kuwa kimya nacho ni jibu. La pili, chukua kosa moja dogo ulilotendewa wewe, uliachilie kabla ya Jumapili. La tatu, kwa viongozi wenzangu: katika kikao kijacho, anzeni na Mengineyo. Someni kwanza karatasi zilizochanwa kwenye daftari, watu wakiwa bado hawajachoka.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, wewe uliyemweka Hekima wako njia panda, utusamehe kwa watu tuliowapita pale tukiwa na haraka ya mambo yetu. Utusamehe kwa maombi tuliyoyafungia ndani ya mafaili na kwa majina tuliyoyapunguza kwa ulimi. Unyooshe mizani yetu, tujue kilicho kizito mbele zako. Utupe kuyaona madogo maumivu yetu wenyewe, na kuyabeba ya wenzetu kwa uzito wake. Asante kwa kuwa hukumsahau shomoro wa tano. Kwa jina la Yesu Kristo, aliyetualika tukiwa njiani. Amina.

Nawatakia juma jema. Na kabla hujasema jambo la mwenzako ni dogo, nenda ukaliangalie mahali linapomuumiza, na uende saa ileile linapomuumiza.